Kumwombea Mzee Koki

Mama Pacha hakuwa na wakili. Hakuwa na ndugu wa damu katika mji ule, wala jirani mwenye cheo, wala godoro la pili la kuwatenganisha wanawe pacha, waliopigana mateke hata usingizini. Hakuwa na sauti ya kuimba, na katika kanisa lile asiyeimba hakujulikana kama yupo. Hakuwa na subira. Marehemu mama yake alizoea kusema kwamba subira ya mtoto huyu ilimwagika pamoja na maji ya uzazi. Na tangu Jumanne ile hakuwa na mume. Si kwamba alikuwa mjane. Mjane hupewa pole, huletewa unga, na hujua kaburi liko wapi. Mume wake yeye alikuwa hai, amefungiwa katika mahabusu ya uhamiaji, akingoja lori la kumpeleka mpakani mwisho wa mwezi.

Mama Pacha mwenyewe alikuwa na kibali, alichokipata kwa kazi yake ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mume wake, fundi bomba, alikitafuta cha kwake miaka mingi, kila ofisi ikimpiga teke kwenda ofisi nyingine kama mpira wa matambara.

Aliyemfikisha mumewe mahabusu Mama Pacha alimjua vizuri. Alifanya kazi hiyo mbele ya watu wote, amefumba macho na kuinua mikono juu.

Kanisani kwao, baada ya mahubiri, ulikuwapo wakati wa maombezi. Yeyote aliweza kusimama akamleta mtu mbele za Bwana: mgonjwa, msafiri, binti anayefanya mtihani. Jumapili moja alisimama mzee wa kanisa aliyekuwa na duka kubwa la mabomba na vifaa vyake, mtu mnene, msafi, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Koki. Akaomba kwa sauti ya kutetemeka:

"Baba, tunamleta kwako ndugu yetu Baba Pacha. Unajua hana kibali, Baba. Mfunike kwa mbawa zako katika kile chumba cha uani, nyuma ya duka la rangi. Mlinde anapotoka alfajiri na mkoba wake mwekundu wa spana."

Watu wakaitikia amina. Mama Pacha naye aliitikia, na amina hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote baadaye. Kando ya Mzee Koki alikuwa amekaa shemeji yake, bwana mmoja wa Idara ya Uhamiaji, ambaye hakuwahi kuonekana kanisani kabla ya siku ile.

Jumanne alfajiri wakagonga. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Mkoba mwekundu uko wapi?"

Mkoba ule ulikwisha kuoza ukatupwa. Fundi siku hizi alibeba spana zake katika ndoo. Ni mtu mmoja tu aliyeukumbuka ukiwa mwekundu, naye ni yule aliyempa, zamani fundi alipokuwa kibarua wake. Kisha fundi akaanza kujitegemea, na wateja wa Mzee Koki wakaanza kumfuata mmoja mmoja, kwa sababu bomba alilolifunga yeye halikuvuja tena.

Tangu siku ile Mama Pacha alipiga pasi kama anayemkandamiza mtu. Wenzake wa chumba cha kufulia walimwambia, "Dada, hilo ni shuka, halijakukosea."

Nyuma ya kanisa palikuwa na chumba chenye meza ndefu na birika la umeme lililokuwa likipiga kelele kuliko kuchemsha. Hapo ndipo ilipokutana Kamati ya Wageni, watu wa kanisa waliowasindikiza wahamiaji kwenye ofisi na mahakama, na kuwaandikia wabunge wabadilishe sheria. Mwenyekiti wake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyekwisha kuzalisha nusu ya mji, kwa hiyo hakumwogopa mtu yeyote. Wote aliwahi kuwaona uchi.

"Tunahitaji mdhamini," mkunga alimwambia. "Mwenyeji, mwenye biashara yake, atakayekwenda kuripoti pamoja na mumeo kila Jumatatu. Tukimpata, mumeo atatoka, kesi isikilizwe yeye yuko nyumbani kwake. Nimebisha kila duka, mwanangu. Ghafla wote wana mafua."

"Na Mzee Koki?"

"Fisi huwezi kumwomba alinde bucha."

"Mimi simwombi, mama. Ninataka kumwombea." Mama Pacha alicheka kicheko kisicho na meno. "Jumapili nasimama. Namweleza Mungu kila kitu, mpaka wale mafundi sita anaowalaza ndani ya bohari lake, hakuna hata mmoja mwenye kibali. Huyo shemeji yake aje awabebe, na yeye Koki afungwe kwa kuwaficha. Aonje."

Mkunga aliweka kikombe chini. "Hao sita wamekukosea nini?"

Mama Pacha alisimama. Alichukua mfuko wake akaondoka.

Jumamosi jioni mtu alisimama mlangoni pake, mrefu hata akainama ili aonekane uso. Alikuwa mmoja wa wale sita. Wenzake walimwita Ngazi.

"Shemeji, shikamoo ya mkosaji," alisema. "Mama mkunga ametuambia una mpango na tajiri wetu."

"Koki amekutuma?"

"Nimekuja kwa miguu yangu, kabla haijatiwa pingu. Shemeji, mpikie huyo mzee moto unaoutaka. Lakini yeye ni sufuria. Sisi ndio kuni."

"Na mume wangu alikuwa nini? Mbona hamkuja kumzimia moto?"

Ngazi alitazama chini. "Tuliogopa."

"Basi endeleeni kuogopa." Akamfungia mlango. Lakini mlango huzuia watu tu, hauzuii maneno. Yale ya kuni yaliingia, yakakaa naye mpaka asubuhi.

Jumapili alivaa gauni lake la harusi lililopunguzwa mikono. Wakati wa maombezi ulipofika, alisimama kabla ya mwingine yeyote. Watu wakageuka, mwanamke huyu hawakuzoea kumsikia.

"Baba," alianza, "leo ninamleta kwako Mzee Koki."

Mzee Koki akainamisha kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayepimwa suti mpya.

"Unamjua, Baba. Ndiye aliyekuletea mume wangu, akakuelekeza mpaka chumba chetu, kana kwamba wewe ni mgeni hapa mjini."

Mtu mmoja katika kwaya alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

"Akakuonyesha na mkoba, Baba, usije ukakosea mtu. Tunamwombea na shemeji yake, aliyekuja siku ile kuokoka, akaokoka upesi hata hajahitaji kurudi."

"Amina!" ilitoka kwenye benchi la wazee wa kike, kwa nguvu.

"Na tena, Baba, lipo bohari."

Kanisa lile halifumbui macho katika maombi. Lakini macho ya Mzee Koki yalikuwa wazi, na ya Mama Pacha yalikuwa wazi, yakatazamana juu ya vichwa vilivyoinama. Aliliona jasho likimshuka mzee mpaka kwenye kola. Neno lilikuwa limemjaa kinywani, tamu kama asali ya kuibwa. Alitaka kulitema. Alitaka kumwona huyu baba mnene akibebwa alfajiri na nguo za kulalia. Kisha, karibu na nguzo ya nyuma, aliwaona Ngazi na wenzake, wamebana macho kwa nguvu kama watoto wanaongoja kofi.

Akalimeza, na halikumezeka kirahisi.

"Lipo bohari, Baba. Wewe unajua kilichomo, na mimi najua. Jumapili ijayo, ukinijalia uzima, nitasimama hapa nikueleze zaidi. Amina."

Kesho yake asubuhi Mzee Koki alikuwa katika chumba cha kamati, duka lake limefungwa siku ya kazi. Mchungaji, kijana mpole aliyependa amani hata pale isipokuwapo, alikuwa amekuja na karatasi zenye nembo ya kanisa.

"Dada," mchungaji alianza, "madhabahuni si mahali pa kuumbuana."

"Baba mchungaji, alipoumbuliwa mume wangu ulisema nini?"

Mchungaji akazipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Sema unachotaka, Mama Pacha," alisema Mzee Koki.

"Jumatatu zako."

"Zipi?"

"Zote. Utamdhamini mume wangu. Kila Jumatatu utakaa naye kwenye foleni ya uhamiaji, uitwe pamoja naye, uweke dole gumba pamoja naye, mpaka kesi iishe."

"Mimi? Kwenye lile benchi? Na wageni?" Mzee Koki alimtazama mkunga kama anayeomba msaada.

"Utazoea, mzee mwenzangu," alisema mkunga. "Benchi ni mbao tu. Halibagui makalio."

Wakaanza barua ya udhamini kwa Idara ya Uhamiaji. Mzee Koki alisema, mchungaji akaandika: kwamba yeye ni mfanyabiashara, kwamba anamfahamu fundi huyu kuwa mtu mwaminifu, kwamba Jumapili moja alimwombea, na kwa bahati mbaya...

"Futa," alisema Mama Pacha. "Andika: nilimchongea."

"Sikumchongea! Nilimwombea!"

"Mungu alikuwa anaulizia rangi ya mkoba?"

Birika lilipiga kelele, hakuna aliyelizima.

"Barua hii ina nakala ya Bunge," alisema mkunga taratibu. "Miaka yote tunawaambia waondoe kile kifungu cha mtu kukamatwa kwa neno la asiyetajwa jina. Wanatujibu, leteni basi mchongezi hata mmoja akiri. Hatukuwahi kumpata." Alitabasamu. "Karibu, Mzee Koki."

"Watanicheka nchi nzima."

"Watakucheka," alisema Mama Pacha. "Au tuongoje Jumapili?"

Mzee Koki alilitazama birika mpaka likajizima lenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Andika." Mchungaji akaandika *nilimchongea*, na chini yake Mzee Koki akatia saini.

Mama Pacha alikuwa amesikia wahubiri wengi wakisema kisasi ni kichungu. Alikionja kwa makini, akaona hawakusema kweli. La bohari asingelisema kamwe, wala Jumapili ijayo wala Jumapili nyingine. Hilo lilikwisha amuliwa pale kwenye nguzo. Lakini Mzee Koki hakuwa na haja ya kulijua. Alale nalo.

"Utamsamehe lini?" mkunga alimnong'oneza.

"Msamaha uko jikoni, mama. Bado mbichi."

Mchungaji alikunja barua, akaitia katika bahasha, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya gundi. Mama Pacha akaiwahi chupa, akaiweka mbali. Akaisukuma bahasha juu ya meza mpaka mbele ya Mzee Koki.

"Lamba."

"Mama Pacha, jamani."

"Lamba, mzee wangu."

Akailamba, toka pembe hata pembe, macho ya mwanamke yakimsindikiza ulimi. Mama Pacha akaichukua, akaibana kwa ngumi kama anavyobana mshono wa shuka, kisha wakatoka wote wanne kwenda posta, Mzee Koki katikati. Karani aliuliza nani mtumaji. Mama Pacha akasogea pembeni ili mzee ajibu mwenyewe, na jina lake lote, na kwa sauti. Karani aliandika, akagonga muhuri mara mbili, akaitupa barua guniani.