Zamu ya Shangazi

Mama na shangazi, dada wa marehemu baba, wanaishi chumba kimoja na wanaugua ugonjwa mmoja, presha. Zamani wazee walitibiwa bure pale zahanati. Kisha likabandikwa tangazo dirishani: kila mzee achangie kidogo kabla ya kumwona daktari. Kidogo! Aliyeandika neno hilo hajawahi kuwa mjane.

Nilipomwambia mama nitawalipia, alinikata kauli. "Wewe shona nguo za watu, usomeshe wanao. Sisi tunajua tunavyofanya."

Walivyofanya nimekuja kujua jana, mambo yalipokwisha haribika. Walikwenda kwa zamu: mwezi huu mama, ujao shangazi, na anayekwenda anaeleza maradhi ya wote wawili kana kwamba ni yake. Yule daktari lazima alishangaa bibi mmoja anawezaje kuumwa magoti manne. Vidonge vikifika vinamwagwa kwenye sinia, wanagawana sawa kwa sawa, vingine wanavikata kwa kisu cha vitunguu huku wakitaniana.

"Kipande kikubwa chukua wewe, wifi, maana kichwa chako ndicho kikubwa."

Mwezi huu ilikuwa zamu ya shangazi. Mama alikuwa akilalamikia kichwa na ukungu machoni, na shangazi akayafikisha yote bila kuacha kitu. Daktari akampima. Mkono ulikuwa wa shangazi, presha ya shangazi, nayo ilikuwa imetulia. "Macho hayo ni uzee tu, bibi," akasema, akampunguzia dawa. Shangazi akarudi nyumbani anachekelea, wakapunguza wote wawili.

Juzi asubuhi kikombe kilimponyoka mama. Alipotaka kuinama akiokote, akaanguka naye. Kiharusi.

Leo nimekaa naye wodini na hasira zangu sijui nizipeleke wapi. Nimgombeze shangazi? Amejikunyata kwenye benchi, tangu jana wimbo wake ni huo huo: "Nilimwambia kila kitu, mwanangu. Sikusahau hata kimoja." Nimgombeze daktari? Alimpima aliyekaa mbele yake. Na tangazo halina shavu la kuzabwa kofi. Mikono hii inayoshona kutwa nzima imekosa cha kufanya, imebaki kukunja na kukunjua ncha ya shuka.

Muuguzi akaja na kipimo cha presha. Shangazi, kwa mazoea, akapandisha mkono wa gauni lake, kisha akazinduka, akaushusha taratibu.

"Bibi, nipe mkono," muuguzi akamwambia mama.

Mama akauvuta mkono wake mzima, akauficha chini ya shuka. Mdomo umempinda, ulimi mzito. Akasema neno, akalirudia kwa taabu, akimwonyesha shangazi kwa kidevu.

"Anasemaje?" muuguzi akaniuliza.

Nilikuwa nimemwelewa tangu mara ya kwanza.

"Anasema apimwe wifi yake. Mwezi huu si zamu yake yeye."