Kitundu cha Ziada

Uongo wenyewe ulianza kwa sindano. Fundi wa jumba la nyota, ukumbi wa kuonyeshea wanafunzi anga, alikuwa amesomea elimu ya anga mpaka akakinai, na wanajimu walikuwa wakimpandisha hasira vibaya sana. Kwake nyota ni moto wa mbali, basi. Haimjui mtu wala haina habari naye. Lakini mdogo wake alipozika kichanga chake, akagoma kula, kisha akaenda kwa mnajimu wa mtaani na kurudi akiuliza, "Dada, nyota ya mwanangu iko wapi?", elimu yote ilimwishia mdomoni. Angemwambia nini mtu aliyebaki mifupa mitupu?

Mtambo wa jumba lile ni tufe la bati lenye taa ndani, limetobolewa vitundu vidogo vidogo. Ukumbi ukiwa giza, kila kitundu hutupa nukta ya mwanga kwenye kuba, na tufe likizunguka, nyota huchomoza upande mmoja na kuzama upande wa pili. Fundi akachukua sindano na nyundo ndogo, akatoboa kitundu cha ziada pembeni ya nyota tatu zilizojipanga mstari. Asubuhi akamketisha mdogo wake kitini, akamwonyesha.

"Ile pale. Ndiyo yake."

Mdogo wake akalia mpaka akacheka. Tangu hapo akawa anakuja kila mchana, wanafunzi wakishaondoka. Akaanza kula. Akasuka nywele. Fundi akajipongeza kimoyomoyo, maana uongo wake ulikuwa umefanya kazi iliyoushinda ukweli wake wote.

Mchana mmoja mdogo wake akasema, "Inasogea."

"Zote zinasogea, mpenzi. Mtambo unazunguka."

"Hapana. Imeziacha zile tatu."

Fundi akatazama, akaona ni kweli. Nyota haziachani hivyo. Zinazotangatanga katikati ya wenzake ni sayari, na sayari za jumba lile zina taa zake kando, nje ya tufe. Akazima mtambo, akapanda ngazi na tochi. Pembeni ya zile tatu bati lilikuwa zima, laini, kana kwamba halijawahi kuguswa. Kitundu alikikuta upande wa chini wa tufe, kwenye mpaka ambao nyota ikiuvuka haionekani tena kwenye kuba. Na ufunguo wa ukumbi alikuwa nao yeye peke yake.

Akashuka. "Hebu niambie, yule mnajimu alikwambia nini hasa?"

"Alisema kichanga hakai sana juu. Nyota yake inashuka kidogokidogo. Siku ikizama moja kwa moja, mama aliyeifuata kwa macho anaondoka nayo." Akatabasamu. "Wewe ulidhani nimepona kwa sababu gani?"

Kumbe nywele zile zilisukwa kwa ajili ya safari.

"Toka," akafoka. "Toka humu, na kesho huji! Nitalivunja hili dude kwa mikono yangu!"

"Ni leo, dada."

Taa za ukumbi zikazimika. Tufe likawaka lenyewe, likaanza kuzunguka, na kule chini kabisa kwenye kuba nyota ya uongo ikaning'inia ukingoni, angavu kuliko zote. Fundi hakungoja. Alipanda ngazi mbio, akapapasa bati la moto, akakiziba kitundu kwa kidole cha shahada. Tufe likakwama. Nyota ikapotea kabla ya kuzama.

Kisha, kutoka ndani ya bati, kitu laini kikajikunja kwenye ncha ya kidole chake, kikaishika, kama kichanga anavyoshika kidole cha yeyote anayempa. Kikavuta, bila nguvu.

Alitaka kupiga kelele, lakini yaliyomtoka ni machozi. Hakuwahi kumbeba mtoto yule hata mara moja. Siku zote chache alizoishi, yeye alikuwa kazini. Na sasa alijua kwamba akiondoa kidole anampoteza mdogo wake. Akakaza mkono.

"Dada," mdogo wake akaita gizani, "mbona simwoni? Umemshika?"

"Nimemshika."

"Basi nipe."

Fundi akasikia miguu ya mdogo wake ikianza kupanda ngazi.