Hawakungoja Maharage

Sufuria ilikuwa yao, maji yao, hata kiberiti chao. Jiko tu ndilo lilikuwa la mume wangu Ismaël, limewekwa pale uani kwa kamati kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa.

Tulitengeneza imbabura, majiko ya makaa, huku mtaani Biryogo, nyuma ya nyumba. La Ismaël lilikuwa na tumbo la udongo wa kuchoma ndani ya bati la pipa. Lilichelewa kushika moto, sikatai. Lakini likishashika, makaa machache yaliivisha maharage tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Kigali nani asiyepika maharage? Milima ilikuwa inaota upara kwa ajili ya sufuria zetu, na yeye, masikini, aliamini jiko lake lingeiokoa.

Mwaka wa tisini na mbili tukasikia kamati inaweka kipimo cha jiko bora. Lililofaulu lingegongwa alama, na lenye alama lingenunuliwa na miradi ya wafadhili na kuuzwa sokoni. Lisilo nayo, shauri yako. Na katika kamati walikaa watu wa kampuni iliyouza majiko ya bati tupu. Nilimwambia Ismaël hii ni kesi ya nyani, hakimu ngedere. Akacheka, akavaa kanzu yake ya Idi.

Kipimo kilikuwa kimoja: maji yachemke upesi. Kwao kifuniko kikaanza kurukaruka, letu bado linajinyoosha. Ismaël akamsogelea injinia wa kampuni, Léonidas, kijana mpole.

“Bwana injinia, maji hatuli. Tupime na maharage.”

Léonidas aliwatazama wenzake kwanza. “Maharage iko inakawia, mzee. Kamati inafunga saa sita.”

Wakafunga saa sita.

Roho iliniuma, inaniuma mpaka leo. Wakati ule Ismaël alikuwa na jiko jingine kichwani, la kuta mbili, na kalibu yake ilikuwa inakauka chini ya kitanda chetu. Aliporudi aliitoa, akaivunja kwa nyundo, akafagia vumbi mwenyewe. Kisha akapunguza tumbo la udongo, akapanua mlango wa hewa, mpaka maji yakachemka walivyotaka. Alama akapata. Tukauza, wallahi tukauza.

Jirani yetu Nyiransabimana ndiye aliyekuja kulalamika wa kwanza. Jiko linafakamia makaa, alisema, gunia limekwisha na maharage bado magumu. Ismaël alimsikiliza ameinama, akamjibu kwamba jiko lina alama.

Mimi nilikuwa nimeficha moja la zamani nyuma ya choo. Siku moja alitoka msikitini akafuata harufu ya maharage, akanikuta nalo. Alichuchumaa, akaweka kiganja ubavuni mwa jiko, ambapo hapakuwahi kuunguza mtu.

“Yameiva, Mama Swafiya?”

“Yameiva zamani.”

Alikula, akanishukuru kwa chakula, akarudi kukata bati.