Mwalikwa Hana Kura

Siku ya pili ya warsha, wajumbe wakiwa bado na vikombe vya chai ya saa nne mikononi, bahari iliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Ilikuja taratibu, ikapita chini ya viti, ikatulia kwenye vifundo vya miguu. Wajumbe walikuwa wamepanda Lushoto kutoka pwani kuandika mpango mkakati wa kituo chao cha utafiti wa bahari, kwa kuwa uongozi uliona kwenye ubaridi watu hufikiri vizuri zaidi. Mkurugenzi, Dokta Ernest, alichovya kidole, akaonja.

"Ni ya kwetu," alisema.

Wakavua viatu, wakakunja suruali, wakarudi kwenye Lengo la Pili.

Efrazia, afisa elimu kwa umma, alikuwa akimenya yai la kuchemsha alipomwona mumewe akiingia nyuma ya maji.

Nikodemo alikuwa na mwaka wa tatu tangu afariki. Alikuwa mzamiaji wa kituo, mtoto wa wakulima wa Magamba, juu kidogo ya Lushoto hapohapo, aliyejifunza kuogelea akiwa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kushuka chini kuhesabu matumbawe. Siku ya kifo chake injini ya boti ilizimika yeye akiwa chini, mkondo ukaisukuma boti mbali, na humo hamkuwa na redio ya kuitia msaada. Hakupatikana. Kwao Magamba walizika suti yake ya harusi.

Sasa alikuwa amevaa vazi lake la kuzamia, na utepe wa kupimia ulikuwa umening'inia mkononi. Anitha wa utawala alimwandikia jina kwenye kadi ya kifuani, akamwekea kiti karibu na Efrazia.

"Shikamoo, Daktari," alisema Nikodemo.

"Marahaba. Pole na safari. Kaa, tuko kwenye matumbawe."

Alikaa. Meza ikalowa.

"Umekonda, Baba Selina," Efrazia alimnong'oneza.

"Chumvi hiyo. Selina hajambo?"

"Yuko darasa la sita. Ukimwita haitiki, anakuja tu. Kama wewe."

Akauweka mkono wake juu ya ule wa mumewe. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa wake kabisa, na ukucha wa kidole gumba bado ulikuwa na ule ufa. Efrazia hakusikia lolote lililosemwa kuhusu Lengo la Pili.

Kikao kilipofungwa jioni, maji yalitoka na Nikodemo akaondoka nayo. Asubuhi yakarudi naye. Efrazia akaelewa kwamba bahari imekuja kwa ajili ya mpango, na mpango ukikamilika haitakuwa na la kufanya milimani. Basi yeye, ambaye hakuwahi kumpotezea mtu muda kikaoni, akaanza kupinga. Alitaka dira iseme "bahari hai" badala ya "bahari yenye afya". Walipokubali, akasema pengine ile ya kwanza ilikuwa bora. Akauliza lengo na shabaha zinatofautianaje, na kila aliyemjibu akamwomba arudie. Huku chini ya meza mguu wake ulikuwa umeegemea mguu wa Nikodemo.

"Dada Efrazia, utatulaza hapa," Anitha alilalamika.

"Si tulale," alijibu.

Hatimaye ikabaki hoja ya usalama wa wazamiaji. Walioiandaa walikuwa Efrazia, Nikodemo, na Amiri, kijana aliyeajiriwa kujaza nafasi ya Nikodemo.

"Mnatoka na boti gani siku hizi?" Nikodemo alimuuliza.

"Ileile, kaka."

"Na injini?"

"Imepigwa rangi."

Wakaandika kwamba mzamiaji asishuke chini bila redio na boti ya pili. Nikodemo mwenyewe ndiye aliyesimama kuwasilisha, maji yakimfika magotini.

"Nilipoibuka niliwaona wenzangu kwa mbali," alisema. "Walikuwa wakinipungia mikono. Nami nikawapungia. Ni hayo tu."

Watu wakapiga makofi. Dokta Ernest alimshukuru kwa kuleta uzoefu, kisha akapendekeza hoja ihamishiwe kwenye masuala ya kuzingatiwa baadaye, maana wafadhili kwa sasa wanatazama elimu na uhamasishaji.

"Wanaopinga?"

Nikodemo akanyoosha mkono.

"Samahani sana, Niko. Wewe ni mwalikwa. Mwalikwa hana kura."

"Haina shida, Daktari," alisema, akaushusha.

Ukabaki mkono wa Efrazia peke yake. Amiri, ambaye mkataba wake ulikuwa haujasainiwa upya, alikuwa akitazama maji. Mpango ukapita, na maji yakaanza kutoka.

Efrazia alimfuata mumewe pekupeku hadi barabarani.

"Twende nyumbani kwanza. Mama yako amepika, nimemwambia upo."

"Magamba ni juu mno, Mama Selina. Maji hayafiki."

"Basi kaa hapa. Nitahamia hapa, mimi na mtoto."

"Hapa nako hayabaki."

Alimfuta machozi kwa kiganja, ikawa ni kumlowesha zaidi. Kisha akateremka na maji kuelekea Soni, upande wake wa kushoto wa barabara, bodaboda zikimpisha. Alipofika kwenye kona aligeuka, akapunga mkono. Efrazia naye akapunga, kisha akaushika mkono wake haraka, kana kwamba umemsaliti.

Kule Magamba mama mkwe alikuwa amefunika sahani.

"Hakuja?"

"Ameshindwa, mama."

Mama akaifunua sahani, akampa Efrazia ale yeye.

Jumatatu asubuhi, pwani, Amiri alikuwa akipakia mitungi ya hewa kwenye boti. Efrazia alitoka ofisini, akampa simu yake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

"Huko mtandao hakuna, dada," alisema Amiri, lakini akaipokea.

Boti ilipoondoka, Efrazia aliingia majini na viatu vyake vya ofisini, akasimama humo.