Kitambaa cha Kijani

Helikopta ndogo ya rimoti iliyagonga majani kwa tumbo, ikabingirika, mapanga yake yakavunjika vipande kwenye udongo mweusi wa Dunga, kando ya ziwa. Watu waliotoka kanisani na kusimama kutazama walicheka kwanza, kisha wakanyamaza walipomwona Oketch. Bado alikuwa ameikumbatia rimoti kifuani, akiutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyemsaliti hadharani.

"Mkono imenikataa, Singh," alisema.

Sukhdev Singh alijua kwamba mkono ule haukuwa na kosa. Alifungua kinywa aseme, lakini yaliyotoka yalikuwa, "Pole, omera, ndugu yangu." Akainama kuokota mapanga, apate pa kuuficha uso wake.

Wawili hao walikuwa wamezeekea karakana moja ya mjini, kila mmoja na mashine yake ya kuchonga vyuma. Helikopta aliileta binti yake Sukhdev kutoka Uingereza mwaka 1995, ila kazi ya kuipanga ilikuwa ya Oketch. Kwenye kioo kidogo cha rimoti kulikuwa na mistari miwili iliyopinda, mmoja wa nguvu ya injini, mwingine wa mlalo wa mapanga. Oketch aliiita migongo. Migongo isipopatana, alisema, injini huzidiwa na mzigo au hupiga kelele bure, na yeye aliipatanisha kwa subira ya mtu anayesuluhisha mke na mume. Kwenye mwisho wa chini kabisa wa mgongo wa pili aliyaacha mapanga yamelala bapa, ili kijiti cha rimoti kikishushwa chote helikopta itue taratibu. Ndivyo alivyotua siku zote: ikifika usawa wa kiuno, kijiti chini, basi.

Kisha kiharusi kikampitia Oketch upande wa kushoto. Mkono uliporudiwa na nguvu, helikopta ndiyo iliyokuwa shahidi wake. "Kama inaweza kushika hii," alimwambia Beldina, mkewe, "itashika chuma." Mashine ya kuchonga aliyoinunua alipostaafu ilimngoja nyuma ya nyumba.

Jumamosi, siku moja kabla ya ajali, Sukhdev alikuwa ameirusha peke yake. Upepo wa ziwani ukaidaka helikopta kutoka chini, ikakataa kushuka, naye akalowa jasho mpaka ndani ya kilemba. Alipofika nyumbani aliushusha mwisho ule wa mgongo wa mapanga, ili kijiti kikiwa chini mapanga yaisukume helikopta ardhini. Hesabu yake haikuwa mbaya. Alichokosa ni kitambaa. Kule karakanani, aliyegusa mpimo wa mashine alifunga kitambaa kwenye mpini, chekundu cha Oketch, cha kijani cha Sukhdev, ili mwenzake ajue kabla hajapoteza kidole. Sukhdev hakufunga. Angeulizwa sababu, na angelazimika kusema kwamba aliogopa. Wala hakusahau. Oketch alipoipokea rimoti Jumapili ile, Sukhdev alikumbuka vizuri, akaona haya kumkatiza mbele ya watu; kijiti kikashushwa kama siku zote, na mapanga yakaibamiza helikopta chini.

Siku zilizofuata aliikarabati helikopta kwa bidii ya mtu anayelipia dhambi pasipo kuitaja. Kwa Oketch hakukanyaga. Mwishowe Beldina ndiye aliyemjia, akasimama mlangoni, akakataa hata kiti.

"Shemeji, kesho mpwa wa mzee anakuja na lori kutoka Katito, kuchukua ile mashine. Mzee anasema hana kazi nayo tena. Hata kunyoa ndevu ameacha, ati mkono itamkata." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Ongea na yeye. Wewe ndiye anakusikia."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Sukhdev kuliko tusi. Usiku hakulala.

Alipofika asubuhi, lori lilikuwa limeshaegeshwa, na mpwa wa Oketch amechuchumaa kando ya mashine akihangaika na nati zenye kutu. Oketch alikuwa ameketi sebuleni, mgongo ameupa dirisha. Sukhdev hakusalimu. Alimwekea rimoti magotini. Kwenye antena kulikuwa na kitambaa cha kijani.

Oketch alikitazama. Akaiwasha rimoti, akaufuata mgongo wa mapanga kwa kidole, mpaka mwisho wa chini, kidole kikasimama.

"Ulifunga lini?"

"Leo."

"Na uligusa lini?"

"Jumamosi ile. Niliogopa upepo, omera. Halafu nikaogopa wewe."

Sukhdev alingoja afukuzwe. Angefurahi kufukuzwa. Badala yake Oketch aliinua mkono wa kushoto, akaunyoosha mbele yao wote wawili, vidole vimeachana. Ulikuwa unatetemeka.

"Sasa niambie, Singh," alisema polepole. "Hii ni ugonjwa, ama ni wewe?"

Nje, nati ya kwanza ililegea. "Mjomba," sauti iliita, "niendelee kufungua?"