Lipozeni, Mgeni Anafika

1.

Linakunywa.

Ndivyo walivyosema mwanzoni, wakicheka. Trekta la kikundi linakunywa maji kuliko zizi zima la ng'ombe. Asubuhi unajaza rejeta mpaka mdomoni, unalima kipande, unafungua kifuniko: patupu. Na chini pakavu, hakuna hata tone la kumtia mtu hatiani.

Desderia Kipeta, dereva wake, alilala chali chini ya injini akapapasa mipira yote ya maji. Alitoka na vumbi mgongoni na jibu ambalo hakulipenda. Kama maji hayamwagiki nje, basi yanakwenda ndani.

2.

TANGAZO
KIKUNDI CHA WAKULIMA JEMBE MOJA

Wanachama wote mnatangaziwa mkutano wa dharura siku ya Jumamosi, uwanja wa mashine ya kusaga. Ajenda:

(a) Kufungua mkutano.
(b) Uharibifu wa trekta uliosababishwa na dereva, Bi. Desderia Kipeta, kwa KUSHINDWA KULIPOZA IPASAVYO.
(c) Mhusika kukabidhi ufunguo, na shamba lake kuondolewa katika zamu ya kulimiwa msimu huu.
(d) Mengineyo.

Kila mwanachama aje na kiti chake.

K. Simbeye
Mwenyekiti

3.

Yaliyosikika kwenye foleni ya kusaga, siku tangazo lilipobandikwa:

— Mwanamke na trekta, wapi na wapi.
— Si ndiye aliyekulimia wewe mwaka jana?
— Nimesema tu.
— Basi sema na hilo.
— Eti alikuwa analiendesha bila maji, makusudi.
— Makusudi ili iweje?
— Mimi najuaje? Ndivyo nilivyosi

(Desderia alikuwa amefika na debe lake la mahindi. Foleni nzima ikagundua ghafla kwamba mawingu ya upande wa ziwani yanapendeza.)

4.

Na yalikuwa yanapendeza kweli, mawingu yale. Hapo ndipo penye uchungu. Bonde la Rukwa likishapata mvua ya kwanza halimsubiri mtu. Ukichelewa kulima, utapanda magugu. Desderia alikuwa na shamba moja, mama mkwe mmoja, watoto ambao hawajawahi kusikia neno "nimeshiba" likisemwa kwa utani, na ufunguo alioufunga shingoni kwa kamba ya kiatu.

Shamba bila zamu ni uwanja wa mpira.

Akaenda kumwita fundi.

5.

Fundi Sikazwe alikuja kwa baiskeli, akalizunguka trekta kama anayechumbia, akamwambia Desderia aliwashe.

Moshi ukatoka mweupe. Fundi akaunusa. Akafungua rejeta: maji yalikuwa yanatoa mapovu, blub, blub, kama sufuria ya maharage, na injini ilikuwa bado haijapata joto. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani.

"Shemeji," akasema, "hii chai umeweka maziwa lini?"

Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kweli. Desderia hakucheka. Aliuliza kama ni gasketi. Fundi akamwambia tuombe iwe gasketi, kwa sababu gasketi ni karatasi, inabadilishwa. Lakini kama ni silinda hedi yenyewe, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda, basi

Hakumalizia. Alichukua spana.

6.

Wewe unayesoma, na mikono yako safi, shika hapa. Bolti ya kwanza inalia. Ya pili inagoma. Ya tatu inataka mtu mwenye hasira, na bahati nzuri tunaye.

Desderia aliifungua kwa jina la Simbeye.

7.

Gasketi ilikuwa nzima.

Nzima!

Fundi alikaa chini. Desderia akatukana kidogo, kwa Kifipa, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Kisha wakaisugua ile silinda hedi mpaka chuma kikang'aa, na bado macho hayakuona kitu. Fundi akapaka mafuta ya taa, akasubiri, akayafuta yote kwa kitambaa kikavu. Akasaga chaki ya shule, akainyunyiza juu kama unga wa kukandia chapati.

Wakangoja.

Mafuta yaliyojificha ndani ya chuma yakaanza kupanda. Kati ya vali mbili, kwenye weupe wa chaki, ukajichora mstari mwembamba wa majimaji, umepinda kidogo, kama

          u

                n

                    y

                         w

                     e

                  l

                     e

Desderia aliutazama muda mrefu.

"Huu hauletwi na kulima," fundi akasema. "Chuma kilichemka sana, halafu kikapigwa na baridi ghafla. Wewe ulilimwagia maji baridi likiwa limechemka?"

"Mimi? Nina wazimu?"

Halafu akakumbuka.

8.

SISI WANAKWAYA, siku ya uzinduzi wa msimu wa kulima:

Sisi tulishonewa sare mpya. Sisi tulisimama juani tangu asubuhi, na trekta nalo lilisimama juani tangu asubuhi, linanguruma, kwa sababu Mwenyekiti alisema mgeni rasmi akifika akute chombo kinafanya kazi, si kimelala. Dereva alimwomba alizime. Mwenyekiti akamwambia dada, mgeni yuko njiani.

Mgeni alikuwa njiani mpaka saa nane.

Sisi ndio tulioimba. Sisi ndio tuliolipamba kwa majani ya migomba. Na lile bango la KARIBU MGENI RASMI, kubwa, la nailoni, tulilifunga mbele kabisa, kwenye pua yake, mahali linapovutia hewa. Tuliona panapendeza. Dereva alipotaka kulifungua aliambiwa asiharibu itifaki.

Likaanza kutoa mvuke. Na vumbi la magari likaonekana barabarani.

Sauti ikasema: "Lipozeni, mgeni anafika!"

Palikuwa na ndoo ya maji ya barafu, ya mgeni. Wakamvuta dereva pembeni, wakafungua rejeta, wakamimina yote, na barafu zake. Ndani kikalia kitu,

tak.

Mvuke ukaisha. Tukapiga vigelegele. Mgeni akanywa soda ya moto, akasema maendeleo yanaonekana.

9.

Sauti ikasema. Sauti ya nani? Jaza mwenyewe:

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

10.

Jumamosi fundi alisukuma toroli kuelekea mkutanoni, na Desderia akatembea kando yake. Ndani ya toroli palikuwa na kitu kizito kilichofunikwa kitenge. Njiani watu walivua kofia. Mzee mmoja akauliza kwa upole ni nani tena. Desderia akamjibu kwamba ni kichwa tu, mwili umebaki nyumbani. Mzee akabaki na kofia mkononi mpaka toroli lilipopita kona.

11.

Bw. Kleofasi Simbeye alisoma ajenda (b) kwa sauti ya redio. Alipofika kwenye "kulipoza" alitazama pembeni kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

Desderia hakuomba nafasi ya kujitetea. Yeye na fundi waliiinua silinda hedi wakaitua mezani, juu ya tangazo lenyewe, karibu na glasi ya maji ya Mwenyekiti. Akapaka mafuta ya taa. Akafuta. Akanyunyiza chaki. Watu wakasogeza viti vyao, kila mtu na kiti chake kama alivyoagizwa.

Mstari ukatokea. Kuna aliyesema "mh".

Mwenyekiti akasema ahaa, mnaona wenyewe, ufa huo hapo, kazi ya dereva hiyo, naomba sasa ufunguo.

Desderia akaivua kamba ya kiatu shingoni. Akauweka ufunguo juu ya chaki, kando ya ufa, na kidole chake juu yake.

"Ufunguo huu hapa. Mtauchukua. Lakini mmeandika nimeshindwa kulipoza, na mimi nauliza kitu kimoja tu. Siku ile ya mgeni, nani alisema lipozeni?"

12.

Watu wanaojua jibu wana kimya chao. Kinasikika kwenye miguu ya viti.

Tone la mvua likadondoka mezani, juu ya chaki. Likafuatiwa na lingine. Mstari ukaanza kufifia. Hakuna aliyekimbia.

Nyuma kabisa akasimama Mama Adeltruda, kiongozi wa kwaya, aliyekuja na kiti cha nyumbani kwa Mwenyekiti, maana ni dada yake, tumbo moja.

"Ndoo niliileta mimi," akasema. "Ya barafu. Na aliyesema ni—"

"Dada," akasema Mwenyekiti. "Kaa."

Mvua ikaongeza.

Hakukaa.