Miguu ya Kuazima

Kikombe cha Esha kilikuwa cha bati, na kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, juu kidogo ya mahali walipolala kuku. Kila alasiri, akishamaliza kusugua masufuria, alikiangua, akachuchumaa uani, na Bi Kanta, mke wa mwenye nyumba, akasimama ndani ya kizingiti akammiminia chai kutoka juu, ili birika lisiguse kikombe. Bi Kanta alikuwa na shabaha nzuri. Hakuwahi kumwunguza.

Hii ilikuwa nyumba ya Jayanti, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa pale Msambweni, mwaka ambao sura ya malkia mpya ilianza kuonekana kwenye stempu. Esha hakuwa na neno na nyumba ile. Aliijua mipaka yake kama alivyoijua njia ya kisimani. Uani, sawa. Baraza ya nyuma, sawa. Jikoni, hapana. Chumba cha sala, hata kwa macho, hapana. Maji ya kufulia aliteka yeye, na maji ya kunywa aliteka Bi Kanta mwenyewe, kutoka kisima kilekile.

Aliruhusiwa, hata hivyo, kuikanda miguu ya Ba.

Ba alikuwa mama yake Jayanti, mjane, mwenye sari nyeupe isiyo na nakshi. Nyumba nzima ilimwita hivyo, na Esha naye akafuata. Kila asubuhi kabla ya duka kufunguliwa, mwanawe, mkwewe na wajukuu walipanga mstari, wakainama mmoja mmoja wakaigusa miguu yake, kisha wakajigusa paji la uso. Ndiyo heshima yao kwa wakubwa. Miguu yenyewe ilikuwa imeumuka kama mihogo iliyorowekwa.

Mjukuu mmoja alipopata homa mbaya, Ba aliweka nadhiri: mtoto akipona, yeye atakwenda kuhiji kwenye hekalu kubwa la Mombasa, ashuke feri ya Likoni na kuvua viatu, aende peku mpaka hekaluni, kisha alizunguke mara nyingi kama shanga za tasbihi yake. Mtoto akapona upesi, kabla Ba hajapata nafasi ya kuipunguza nadhiri.

"Esha," alisema Ba alasiri moja, miguu ikiwa mapajani mwa msichana, "niazime miguu yako."

Esha aliendelea kukanda. "Mpaka lini, Ba?"

"Nikitoka hekaluni narudisha."

"Mimi naolewa mfungo mosi, Ba."

"Mfungo mosi bado. Kwani mimi hula vitu vya watu?"

Esha aliona haya kukataa. Watu huazimana kinu, huazimana mbuzi ya nazi. Tena Ba hakuwahi kumwomba kitu, siku zote alikuwa akiagiza. Wakatumia sabuni na mafuta ya nazi, kama mtu anavyovua bangili iliyombana. Ya Esha ilitoka kwenye vifundo bila taabu. Ya Ba ilitaka kuvutwavutwa. Bi Kanta alichungulia kutoka jikoni, akaona linalofanyika.

"Ioshwe kwanza," alisema.

Ikaoshwa.

Esha alichukuliwa safarini kwa sababu kapu la nazi na maua lilitaka kichwa cha kulibeba. Waliposhuka ferini Ba alivua viatu, akaikata njia kama msichana anayewahi harusi, na Bi Kanta akawa anamkimbilia huku ameshika pindo la sari. Esha alikuja nyuma na kapu lake, pole pole, akijifunza kidole kipi cha Ba huanza kuuma na kipi hufuatia.

Hekalu lilikuwa jeupe, na vilele vyake vilipita minazi yote ya jirani. Nguzo zilichongwa tembo wenye mikonga iliyoinuliwa. Kengele ililia kila mtu alipoingia, na harufu ya samli na maua ya manjano ilitoka mpaka barabarani. Penye ngazi palikuwa na viatu vingi sana.

"Esha, wewe kaa na viatu," alisema Bi Kanta.

Mzee aliyekuwa akifagia ngazi aliinua uso. "Aingie tu, mama. Mlango huu haumkatazi mtu."

"Mwenyewe hataki."

Esha hakuwa ameulizwa, lakini ni kweli hakutaka. Mama yake, Mwanarusi, alimwonya tangu nyumbani kwamba yeye ni Mwislamu na asitie mdomoni hata kipande cha halua ya humo. Kwa hiyo wote waliridhika. Miguu nayo haikuulizwa, ikaingia.

Akakaa katikati ya viatu, na ubaridi wa marumaru ya ndani ukampanda mpaka magotini. Ndani, miguu yake ilifika mbele kabisa, pale mungu wao alipovikwa hariri na dhahabu, kisha ikaanza kuzunguka. Ilizunguka bila kupumzika, kwa kuwa ilizoea kwenda kisimani na kurudi. Mahujaji wengine walimwona ajuza akiwapita, wakajua amebarikiwa. Wakamsimamisha. Tajiri mmoja mwenye miwani ya dhahabu alipiga magoti akaweka paji lake la uso juu ya miguu ile. Bibi mwingine aliona kovu kwenye wayo wa kulia, ambalo Esha alilipata kwa mwamba akiokota chaza kule Kibuyuni, akasema ni alama ya lotasi, ua lao takatifu. Watu wakalibusu kovu kwa zamu, Bi Kanta akiwa miongoni mwao.

Kule nje Esha alihisi mtekenyo kwenye kidole gumba, akajikaza asicheke mbele ya mzee wa ufagio.

Waliporudi Msambweni alileta sabuni na mafuta ya nazi.

"Ngoja uchovu unitoke," alisema Ba. Hakumtazama.

Uchovu ulipotoka, Jayanti alikuwa ameshafikiri. Miguu iliyozunguka hekalu namna ile haiwezi kurudi kukanyaga uani kwenye mavi ya kuku. Akaihamishia chumba cha sala, pamoja na Ba. Esha naye hawezi kuingia chumba cha sala.

"Hakuna anayekunyima, Esha," alimwambia kwa upole kupitia dirishani. "Miguu ni yako na ipo. Tatizo ni mahali tu."

Mwanarusi alikuwa na tatizo lake. Alimwendea Maalimu Chirau, aliyemsomesha Esha juzuu, akamwuliza kama mtoto amepata dhambi.

"Miguu ilisujudu?" aliuliza Maalimu.

"Miguu husujudu vipi, Maalimu? Ilisimama."

"Basi. Hata mimi husimama mbele ya Bwana Shauri wa serikali."

Ramadhani ikaja, ikaisha. Esha alifunga, akateka maji ya kufulia kwa miguu ya Ba, na kila akipita chini ya dirisha la chumba cha sala alipunguza mwendo, ingawa mwendo wenyewe ulikuwa umekwisha kupungua.

Alasiri ya hina walimketisha mkekani kwao, wamemfunika kanga. Kungwi wake, Bi Mapenzi, alikuja na bakuli, akaipaka mikono, akainua pindo, akalishusha.

"Mwanarusi, hii miguu ya mjane."

"Najua, dada."

"Miguu ya mjane mimi siitii hina. Huyo Abdurahman ataoa mpaka kifundoni tu? Huku chini mume ni nani, marehemu baba Jayanti?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Esha hakucheka. Mwari hasemi siku ya hina, basi alilia bila sauti, na machozi yakaangukia vidole vya Ba, ambavyo havikuwa na kosa.

"Pigeni ngoma," alisema Bi Mapenzi, kwa kuwa hakujua la kufanya.

Ngoma ilisikika mpaka dukani. Ba alikuwa katikati ya sala. Hakuamua lolote. Miguu iliujua wimbo ule tangu utotoni, ikainuka, ikatoka naye chumbani, ikapita jikoni, ikakanyaga uani kati ya kuku na kushika njia. Nyuma yake alikuja Jayanti na mkasi wa duka mkononi, na nyuma ya Jayanti Bi Kanta.

"Hodi," alisema Ba mlangoni, anahema, huku chini miguu ikifuata ngoma. "Nimeletwa."

"Karibu, mama," alisema Bi Mapenzi. "Keti. Nyosha."

Ba akaketi mkekani bega kwa bega na Esha, akanyosha. Kungwi alichora maua kuanzia vidoleni. Ba alitazama. Hakuwa ameona hina chini yake tangu mumewe alipofariki.

"Na kisigino," alisema kwa sauti ndogo.

"Ba!" Bi Kanta alilia kutoka nje. "Mjane wewe!"

"Miguu si yangu," alijibu Ba. "Nimeazima."

Akangoja ikauke. Aliomba asiharakishwe, na hakuna aliyemharakisha. Kisha Mwanarusi akaleta sabuni na mafuta ya nazi.

Esha aliolewa kwa miguu yake mwenyewe. Fungate ilipokwisha alirudi kazini, hina ikiwa bado nyekundu. Familia ya Jayanti ilikuwa imelijadili jambo lile kwa makini, ikaona kwamba baraka zilibaki palepale zilipoingia. Asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa, walitoka kwa mlango wa jikoni wakapanga mstari kati ya kuku. Jayanti aliinama kwanza, akafuata Bi Kanta, kisha wajukuu. Waligusa, wakajigusa paji la uso. Macho hayakupanda juu ya kifundo, maana kuanzia kifundoni kwenda juu alikuwa ni Esha.

Ba alikuwa ndani kitini, na miguu yake iliyoumuka mbele yake, na hapakuwa na mstari. Alimwita Esha aje barazani amkande.

Alasiri Esha alikiangua kikombe cha bati kwenye msumari wake, akachuchumaa. Bi Kanta akasimama ndani ya kizingiti, akaliinua birika. Alimimina kwa uangalifu kuliko zamani. Chini ya kikombe sasa palikuwa na miguu.